Jamani, faili la sebuleni haliendi intaneti!

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa ajili ya shifti za usiku, lakini leo nimeshindwa kunyamaza. Nina maneno na wanaotuuzia intaneti hapa London, na baadhi yetu pia hamtapona.

Kisa chenyewe hiki. Dada mmoja tunayepanga naye nyumba huku mashariki ya London alikuwa anahamisha video za arobaini ya baba yake kutoka laptopu ya zamani kwenda kompyuta mpya ya sebuleni. Gigabaiti 40. Kompyuta ikamwambia asubiri karibu masaa manne. Akaipigia kampuni inayompa intaneti (sitaitaja), akajibiwa kwa sauti tamu kabisa kwamba kifurushi chake ni kidogo, aongeze. Pauni 12 zaidi kila mwezi, mkataba wa miezi 24. Piga hesabu mwenyewe: pauni 288. Hiyo ni ada ya mtoto wa nani kule nyumbani?

Mimi nauita wizi wa kistaarabu. Faili linalotoka chumbani kwenda sebuleni haligusi intaneti hata kidogo! Linatoka kwenye laptopu, linapita kwenye ruta, linaingia kompyuta ya pili, basi. Kama unabisha, chomoa ule waya unaoleta intaneti kutoka ukutani, acha ruta ikiwaka, endelea kunakili. Faili linatembea vile vile. Kuongeza kifurushi ni sawa na kupanua barabara ya Morogoro ili ufike jikoni kwako haraka.

Mtaniambia matangazo siku hizi yana kanuni. Ni kweli. Zamani kampuni iliweza kutangaza kasi inayopatikana kwa mteja 1 kati ya 10. Tangu Mei 2018 lazima angalau nusu ya wateja waweze kuipata jioni, saa ambazo watu wamejaa mtandaoni. Safi sana. Lakini kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu laptopu yako na kompyuta ya sebuleni.

Nyumbani tuliuzoea mchezo huu: kila homa malaria, meza dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema anayeshukiwa apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Mimi nesi, nimezoea kupima, na mtandao wa nyumbani unapimika.

Unganisha kompyuta zote mbili kwenye ruta kwa waya. Kasi ikiruka, mgonjwa alikuwa Wi-Fi. Na kwa nini asiugue? Kompyuta zote mbili zikitumia Wi-Fi, faili linapita hewani mara mbili, kwanza kwenda kwenye ruta, halafu kutoka ruta kwenda kwa mwenzake, na kwa kawaida hewa ni hiyo hiyo wanapokezana. Ongeza majirani. Nyumba zetu zimebanana kama sambusa kikaangoni, kila ukuta una ruta yake, na kwenye gigahezi 2.4 njia zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Hamia gigahezi 5 kama vifaa vyako vinakubali, ingawa kuta za matofali zinaichosha upesi zaidi.

Umeweka waya na bado inagoma kwenye megabaiti 11 au 12 kwa sekunde? Namba hiyo inasema kila kitu. Wauzaji wanahesabu kwa megabiti, kompyuta inaponakili inahesabu kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Gawanya 100 kwa 8 uone. Basi njiani kuna kitu cha megabiti 100: tundu la zamani, au waya wenyewe. Gigabiti 1 inahitaji nyuzi zote 8 zilizo ndani ya waya, megabiti 100 inatosheka na 4. Uzi mmoja ukikatika pale mlango unapoubana kila siku, kasi inaweza kushuka kimya kimya bila onyo. Zikiwa zima, gigabaiti 40 zinahama kwa dakika sita au saba, mradi diski nazo ziwe na mbio. (Picha ndogo ndogo elfu tano zitachelewa kuliko video moja ya uzito huo huo, usishtuke.)

Sasa nyie mafundi wetu wa mtaani. Mtu akisema tu "inachelewa", jibu lenu moja: tupige Windows mpya, pauni 40. Hamjapima chochote, na picha za marehemu zimo humo humo! Windows mpya inaunga uzi uliokatika?

Video za dada zimehama kwa waya wa pauni 4, hata ugali haujaiva. Kimebaki kile kifurushi. Mkataba mpya ulioingia kwa simu hapa Uingereza una siku 14 za kuuvunja bila kutoa sababu, kwa kanuni za 2013, ingawa unaweza kudaiwa siku ulizotumia. Yeye leo yuko siku ya 9. Nimemwambia apige simu kesho asubuhi kabla hajalala, na wakianza tena sauti tamu awaulize faili la sebuleni linapita wapi.