Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya: Watoto wapashwe joto kabla ya skani ya PET

Mheshimiwa Waziri,

Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, ilianza kupima saratani kwa mashine ya PET mwaka 2018. Baadaye Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikapata yake. Hiyo ni hatua kubwa. Ninakuandikia kuhusu jambo linalorekebishika kwa gharama ndogo, lakini linaloweza kupotosha majibu ya mashine hizo za gharama kubwa: baridi.

Mgonjwa hudungwa glukosi yenye mionzi, akapumzika kama saa moja, kisha akapigwa picha. Saratani hula sukari kwa pupa, ndiyo maana hung'aa. Lakini watoto na vijana wana mafuta ya kahawia shingoni, juu ya mitulinga na kandokando ya uti wa mgongo, ambayo huchoma sukari ili kuupa mwili joto. Mtoto akishikwa na baridi, mafuta hayo nayo hung'aa. Limfoma ya Hodgkin, inayowapata vijana wengi, hushambulia tezi za shingoni na kifuani, palepale.

Daktari akidhani mafuta ni ugonjwa, kijana huongezewa kemo au mionzi asiyoihitaji. Na mionzi ya kifuani inaweza kumletea maradhi ya moyo au saratani ya matiti miaka mingi baadaye. Akidhani ugonjwa ni mafuta, saratani huachwa iendelee.

Sasa mfikirie mtoto anayetoka nyumbani alfajiri ya Julai, tumbo tupu kwa kuwa ameagizwa asile, akapanda matatu hadi Nairobi, kisha akaingizwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Blanketi analopewa baada ya sindano limechelewa, kwa sababu mafuta yamekwisha kuamka.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba wizara yako itoe mwongozo wenye mambo matatu.

Kwanza, kila kituo cha PET kiwe na chumba chenye joto, na mtoto akae humo angalau nusu saa kabla ya sindano na abaki humo hadi apigwe picha. Wazazi waelezwe mapema wamvishe nguo nzito safarini. Inapofaa, daktari aamue kumpa propranololi, dawa inayotuliza mafuta hayo.

Pili, fomu ya rufaa ionyeshe tarehe ya kemo ya mwisho. Baada ya kemo, tezi ya thaimasi iliyo kifuani mwa mtoto huweza kukua upya na kung'aa bila ugonjwa wowote.

Tatu, doa lenye shaka lisibadilishe matibabu mpaka lithibitishwe kwa kipimo kingine, au kwa kinyama kupelekwa maabara.

Hita, blanketi na fomu iliyojazwa vizuri havihitaji mkopo wala zabuni kubwa. Vinahitaji agizo lako. Litoe kabla ya msimu wa baridi ujao.

Wako mwaminifu,
Mzazi na mlipakodi, Nairobi