Roboti ya Kupima Maji na Msamiati wa Mvuvi

Samaki wa mapambo wanaonaswa katika matumbawe ya pwani ya Kenya husafirishwa ng'ambo wakiwa hai. Kabla ya kusafirishwa huwekwa matangini, na humo uhai wao hutegemea maji. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua. Uchafu wa samaki nao huzaa amonia, ambayo sumu yake huzidi kadiri joto na ualkali unavyopanda. Roboti ndogo yenye vihisi vya joto, chumvi, asidi na oksijeni yaweza kuyakesha maji hayo mwanadamu alalapo.

Suala linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili ni lugha itakayotumiwa na roboti hiyo kutoa habari. Aghalabu kazi hii huachiwa fundi, naye hutafsiri Kiingereza neno kwa neno. Chukua mfano mmoja tu. Maji yaliyoishiwa oksijeni yakiandikwa kiooni "maji mafu", mvuvi wa Mji wa Kale, Mombasa, hatashtuka hata kidogo. Kwake yeye maji mafu ni yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, ya siku ambazo mwezi ni nusu. Kinyume chake ni bamvua, mwezi uandamapo au upevukapo, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hapo Mombasa hupindukia mita 3. Ataendelea na shughuli zake, na samaki watakufa.

Tena tofauti hiyo si ya maneno matupu. Hori ya Tudor, inayokizunguka kisiwa upande wa kaskazini, hupokea majitaka ya mji. Wakati wa bamvua bahari huisukutua. Wakati wa maji mafu uchafu hukawia. Ateke maji ya tangi huko yeyote, atahitaji kuijua siku ya mwezi sawa na anavyohitaji kipimo cha amonia. Maarifa hayo mvuvi anayo, pamoja na istilahi zake.

Wapo wanaodai kwamba sayansi haiwezi kungojea lahaja. Hoja hiyo ina uzito kwa maneno kama oksijeni na amonia, ambayo yamekwisha kuzoeleka na hayahitaji mbadala. (Mvutano wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi ulitosha kuwachosha watu.) Hata hivyo, haifai kwa bahari. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka wa 2017, alishikilia kwamba lahaja zichokorwe kwanza ndipo tukakope. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka wa 1979, aliuhifadhi msamiati wa waundaji vyombo wa Lamu, ambao vinginevyo ungekwenda na mafundi wenyewe. Msamiati wa maji haujapata bahati kama hiyo katika programu za kompyuta.

Wazee wanaoyajua maji hayo kwa majina wangali hai, na wengine wao huonekana asubuhi penye soko la samaki la Mji wa Kale. Mwanafunzi wa isimu na mwenzake wa uhandisi wangeteremka huko pamoja, mmoja na daftari, mwingine na roboti yake, kabla programu haijaandikwa.