Tufungueni Kamba Mguuni: Risala ya Wapiga Kura Wayahudi kwa Viongozi wa Vyama Viwili vya Marekani

Waheshimiwa viongozi wa chama cha Democratic na chama cha Republican katika Bunge la Marekani,



Agosti 1790, Rais George Washington alipozuru mji wa Newport, Rhode Island, Wayahudi wa mji ule walimwandalia risala. Aliwajibu kwa maandishi kwamba katika nchi hii uhuru wa dhamiri si hisani ambayo kundi moja hulifanyia jingine, bali ni haki ya kila mtu. Anachodaiwa raia ni mwenendo mwema. Kwa kutegemea ahadi hiyo, nasi tunaleta risala yetu.

Wayahudi wa Marekani, wakubwa kwa watoto, walikadiriwa kuwa milioni 7.5 mwaka 2020. Wengi wetu huelekea chama cha Democratic; wengine, hasa wa madhehebu ya Orthodox, huelekea Republican. Tuliokubaliana na risala hii tunatoka pande zote mbili, na kuhusu Israeli hatuna kauli moja. Kauli yetu ni moja juu ya jinsi mnavyotutumia.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, tumechoka kupimwa uaminifu. Agosti 2019 Rais Donald Trump alisema Myahudi anayeipigia kura Democratic aidha hajui mambo au hana uaminifu. Machi 2024 akasema Myahudi wa namna hiyo anaichukia dini yake. Septemba mwaka huohuo, kampeni ikiwa imepamba moto, akasema akishindwa, Wayahudi watakuwa wamechangia sana. Wachache kati yetu walizaliwa Nairobi, na maneno hayo yaliwakumbusha methali ya kwao: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wayahudi 23 walishuka melini New Amsterdam, ambayo leo ni New York, mwaka 1654. Zaidi ya karne tatu na nusu zimepita, na bado tunakaguliwa miguu.

Upande wa pili nao una kamba yake. Mtu akiikasirikia serikali ya Israeli ya Benjamin Netanyahu, humgeukia Myahudi anayemwona karibu, mwanafunzi au muuza duka, akamtaka aikane Israeli kwanza ndipo wazungumze. Kuta za masinagogi zimeandikwa matusi. Mei 2025 wafanyakazi wawili wa ubalozi wa Israeli waliuawa kwa risasi nje ya jumba la makumbusho ya Wayahudi mjini Washington. Siku chache baadaye, mjini Boulder, Colorado, watu waliokuwa wakitembea kuwakumbuka mateka walioshikiliwa Gaza walirushiwa moto. Hakuna hasira ya kisiasa inayohalalisha hayo.

Pili, mnatutanguliza kama ngao mnapofanya maamuzi yaliyo yenu. Rais Harry Truman aliitambua Israeli Mei 14, 1948, dakika 11 baada ya kutangazwa, na tangu hapo kila rais amekuwa na hesabu zake: ulinzi, ushindani wa mataifa makubwa, kura za Wakristo wa kiinjili, viwanda vya silaha. Mkataba wa mwaka 2016 umetenga dola bilioni 38 kwa miaka 10, kuanzia 2019 hadi 2028, na sehemu kubwa ya fedha hizo hununua silaha zinazotengenezwa hapa Marekani. Lakini kila msaada huo unapohojiwa, mhojaji huambiwa anawachukia Wayahudi. Na unapopitishwa, wananchi huambiwa ni matakwa ya Wayahudi.

Matakwa gani hayo? Chuck Schumer, Myahudi mwenye cheo cha juu kuliko wote waliowahi kuchaguliwa nchini humu, alisimama katika Seneti Machi 2024 akaitaka Israeli ifanye uchaguzi mpya. Bernie Sanders, Myahudi vilevile, ameongoza juhudi za kuzuia mauzo ya silaha. Wako Wayahudi wengine Bungeni waliowapinga wote wawili kwa nguvu zao zote.

Nyumbani kwetu ni hivyohivyo. Aprili 20, 2024, Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza ya msaada kwa Israeli kwa kura 366 dhidi ya 58. Siku mbili baadaye tuliketi mezani kwa Pasaka yetu. Baba alishukuru, kwa kuwa alikuwa bado akiomboleza watu wapatao 1,200 waliouawa na Hamas na wenzao Oktoba 7, 2023, na kuwaombea mateka. Binti aliweka kijiko chini akauliza, na watoto wa Gaza wataombewa na nani? Makumi ya maelfu ya Wapalestina walikuwa wameshauawa. Bibi aliwasihi wote wawili wasiondoke mezani. Hawakuondoka. Hiyo ndiyo kura ya Wayahudi mnayoigombania.

Tatu, pesa za kura za mchujo zinatuchafulia jina. Mwaka 2024 mfuko wa kampeni wenye uhusiano na AIPAC, kundi la ushawishi linaloiunga mkono Israeli, ulitumia zaidi ya dola milioni 14 kumwangusha Mbunge Jamaal Bowman wa New York. Matangazo mengi ya mfuko huo hayakuitaja Israeli kabisa. Kura zilipohesabiwa, watu walisema Wayahudi wamenunua kiti. Wenye fedha walifanya yao, na lawama zikapiga hodi katika milango yetu.

MADAI YETU

1. Acheni, hadharani na ndani ya vyama vyenu, maneno ya kupima uaminifu wa Myahudi kwa kura yake. Anayeyatamka akemewe na chama chake mwenyewe, si na wapinzani tu.

2. Kabla mkataba wa msaada haujaisha mwaka 2028, itisheni vikao vya wazi, na Wamarekani wenye asili ya Palestina nao wasikilizwe. Sheria iliyopewa jina la Seneta Patrick Leahy, inayokataza kusaidia kikosi chochote cha kigeni kinachokiuka vibaya haki za binadamu, itumike kwa Israeli kama inavyotumika kwa nchi nyingine: isikazwe wala isilegezwe.

3. Tungeni sheria ya kulazimisha kila mfuko wa kampeni utaje wafadhili wake na shabaha yake halisi kabla ya siku ya kura.

4. Zilindeni nyumba zote za ibada bila masharti ya kisiasa. Tulizika watu 11 waliouawa kwa risasi katika sinagogi la Pittsburgh Oktoba 2018. Oktoba 2023, karibu na Chicago, mtoto wa Kipalestina wa miaka 6 alichomwa kisu hadi kufa. Ulinzi tunaoutaka sisi, tunautaka na kwa msikiti wa jirani.

5. Mkija kuomba kura zetu, tuulizeni pia kuhusu hospitali, shule, kodi ya nyumba na haki za wahamiaji. Huko nako tunaishi.

Waheshimiwa, hatuwaombi muipende Israeli wala muichukie kwa ajili yetu. Uamuzi wa kutoa silaha na fedha za umma ni wenu. Utoeni kwa jina lenu, mbele ya wananchi wote, na mjibu kwa matokeo yake.

Washington aliwajibu watu wa Newport kwa maandishi. Nasi tunasubiri barua yenu.

Ni sisi, wapiga kura Wayahudi, raia wa Marekani.