Mbwa wa Jirani ni Amana

Mbwa anayeachwa katika nyumba ya watu mpaka mwenyewe arudi ni amana, sawa na fedha iliyowekwa kwa mtu mwaminifu. Tofauti yake ni kwamba fedha haioni kiu wala haiumi. Mbwa huona njaa, huingiwa na hofu, ana meno, na anaweza kubeba maradhi. Anayempokea amepokea kazi, na kazi hiyo ina taratibu zake.

Mjini Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, haja ya kumwachia jirani mbwa huja hasa shule zinapofungwa mwishoni mwa mwaka. Mwalimu, muuguzi au askari aliyetoka kaunti nyingine hufunga safari kwenda kwao, na safari ya basi ya zaidi ya kilomita 300 mpaka Nairobi si ya kumchukua mbwa aliyekuwa akimlindia nyumba. Huko malishoni nako, Fafi, Lagdera au Ijara, mbwa hulinda zizi dhidi ya fisi; familia inapohama kufuata mvua, mbwa mzee au mwenye watoto wachanga huweza kuachiwa jamaa. Kote huko mbwa hujikuta miongoni mwa watu asiowazoea na wasiomzoea.

Wakazi wengi wa Kaskazini Mashariki ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Wapo wanaoifanya hukumu hiyo kuwa ruhusa ya kumpiga mbwa mawe au kumnyima maji. Hilo ni kosa. Hukumu ya najisi imewekwa kulinda twahara ya mwenye kuswali, haikuwekwa kuhalalisha dhuluma. Sura ya al-Kahf inamtaja mbwa aliyenyoosha miguu mlangoni mwa pango la vijana waumini. Imepokewa katika Hadithi kwamba mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, alisamehewa. Na mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa aliadhibiwa. Mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na wanavyuoni wengi wa Kishafii wamelinganisha nao mbwa wa kulinda nyumba. Juu ya hayo, Sura ya an-Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Atarudishaje amana mtu aliyeiacha ife?

Njia ya kuyakutanisha haya mawili, twahara na huruma, ni kumtengea mbwa mahali pake. Akae uani, mbali na jikoni, mbali na mikeka ya kuswalia na vyombo vya kutawadhia. Awe na bakuli zake mbili, moja ya maji na moja ya chakula, zisizochanganywa na vyombo vya nyumbani. Mtu mmoja mzima apewe jukumu la kumhudumia, kwa maana kazi ya wote huishia kuwa kazi ya hakuna. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, najisi haihami. Kwa hiyo hakuna sababu ya nyumba nzima kuingiwa na taharuki kila mbwa anapopita.

Jua la Garissa ni kali, na mbwa hana jasho la kumpoza mwili kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Kamba yake ifungwe penye kivuli, chini ya mwarobaini au kibanda, na kivuli kiangaliwe tena mchana kwa sababu kilichokuwepo asubuhi huhama na jua. Maji yabadilishwe asubuhi, adhuhuri na jioni. Mbwa aliyefungwa juani bila maji anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Chakula si kila kilichobaki sahanini. Ugali au wali mweupe uliochanganywa na nyama iliyopikwa humfaa. Mabaki ya pilau na mchuzi hayamfai, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma matumboni. Mbuzi anapochinjwa nyumbani, mapafu na maini yenye vimbe vya maji asitupiwe mbwa kamwe. Ndani ya vimbe hivyo mna viluwiluwi vya tegu. Mbwa akivila, mayai ya tegu hutoka katika kinyesi chake, na mtoto anayecheza mchangani huyameza na kuota vimbe kama vile katika ini au mapafu. Mapafu na maini hayo yazikwe kwa kina au yachomwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Jambo zito kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Mwaka 2014 Kenya ilijiwekea mkakati wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu ifikapo 2030, na mkakati huo hautatimia ikiwa kila nyumba haitatimiza wajibu wake. Virusi hukaa katika mate. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Kwa hiyo kabla ya kupokea kamba, mpokeaji aombe cheti cha chanjo; chanjo huanza mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungojea dalili. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe na afisa wa mifugo aarifiwe, ili aangaliwe kwa siku 10. Watoto nao wafundishwe mapema kutomsogelea mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Mwenye mbwa naye ana wajibu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: asiyeubeba huuona mwepesi. Aombe kwa adabu na akubali akikataliwa, maana jirani mwenye udhuru hana lawama. Aache chakula au fedha zake, cheti cha chanjo, kamba imara, nambari yake ya simu na siku ya kurudi. Kumwacha mbwa barabarani na kupanda basi ni ukatili, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inauhesabu kuwa kosa.

Basi mwenye nyumba apime kabla ya kuitikia. Akiona hana uwezo, akatae mapema, ili mwenye mbwa atafute kwingine. Akikubali, asimame na neno lake mpaka siku ya mwisho: amnyweshe, amlishe, amfiche jua, na kumrudisha kwa mwenyewe akiwa mzima.