Ruzizi III: Kabla betoni haijamwagwa, nani ataangalia hesabu?

Kwa wakaaji wa Bukavu na Uvira, habari ya Ruzizi III imeshazeeka masikioni. Ruzizi I inafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989, na kila mwenye friji nyumbani anajua kama umeme huo hautoshi tena. Mradi mpya, pande za Kamanyola kwa Kongo na Bugarama kwa Rwanda, unatazamiwa kutoa megawati 206, ambazo Kongo, Rwanda na Burundi zitagawana sawasawa. Watu wanazungumza juu ya pesa, vita, na nani atawashiwa taa wa kwanza. Swali moja halisikiki sana: ukuta wenyewe utahesabiwa namna gani, na nani atahakikisha hesabu hizo?

Wengi wanafikiri kazi ya ukuta wa bwawa ni kuzuia maji tu. Uzito wa maji ni kweli ni mzigo mkubwa, tena huku kwetu kuna mtetemeko: ule wa tarehe 3 Februari 2008 ulibomoa nyumba na kuua watu Bukavu na ng'ambo, katika wilaya ya Rusizi. Lakini kuna mzigo mwingine usioonekana, nao ni joto. Simenti ikikutana na maji inawaka moto wake yenyewe. Katika nguzo ya nyumba joto hilo linatoka haraka. Katika ukuta mnene linabaki ndani, sawa vile bugali uliotolewa sasa hivi: juu umepoa, mtoto anauma katikati na kuunguza ulimi. Ndani ya betoni kunatanuka, inje kunapoa na kujikaza, hizo nguvu mbili zinavutana, na betoni haipendi kuvutwa. Inapasuka.

Ndiyo maana Wamarekani walipojenga bwawa la Hoover katika miaka ya 1930 walimwaga betoni kwa mafungu, wakapitisha ndani mabomba ya maji baridi. Wahandisi walikuwa wamepiga hesabu kwamba kama ingemwagwa yote mara moja, ingechukua zaidi ya miaka 100 kupoa.

Bwawa la Norfork, katika jimbo la Arkansas, halikuwa na bahati hiyo. Lilijengwa wakati wa vita vya pili vya dunia, na joto likaacha ufa wa kusimama ndani ya ukuta. Je, ukuta wenye ufa unaweza kubeba maji? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kazi ya kujibu ilifanywa na Ray Clough, mwalimu wa chuo kikuu cha Berkeley, na mwanafunzi wake Edward Wilson. Walitumia mbinu ambayo Clough mwenyewe alikuwa ameipa jina muda mfupi mbele: elementi fini. Ni kusema, unachora ukuta, unaukatakata kwenye kompyuta katika vipande vidogo, kila kipande unakipa uzito wake, joto lake na nguvu anazosukumwa na majirani zake, kiisha mashine inatafuta namna vyote vitakavyoshikamana. Bwawa lenye ufa lilikuwa kati ya kazi za kwanza kubwa za mbinu hiyo katika ujenzi. Leo hakuna bwawa kubwa linalojengwa bila hiyo.

Hapa ndipo watu wanadanganyika. Picha inatoka na rangi nzuri, nyekundu hapa, bluu pale, na mkutano mzima unaitikia kwa kichwa. Kumbe kompyuta inajibu tu kile ilichoulizwa. Norvège inajua. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na mji wa Stavanger, jengo la betoni la kuchimbia mafuta lililoitwa Sleipner A lilikuwa linazamishwa polepole kwa majaribio. Ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia kuliko pompi zilivyoweza kuyatoa, na jengo zima likaenda chini. Watu waliokuwa juu yake waliokoka, lakini hasara ilihesabiwa kuwa karibu dola milioni 700. Uchunguzi ulikuta kwamba vipande vya hesabu vilikatwa vikubwa mno na vibaya, fasi ambapo kuta zinakutana. Nguvu ya kukata ukuta ilipunguzwa kwa asilimia 47. Hesabu iliporudiwa kwa uangalifu, ilisema ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Kwa kweli ulivunjika kwenye mita 65 hivi. Mbinu ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeisimamia vizuri.

Kwa Ruzizi, makosa ya namna hiyo yanaweza kuanzia kwa kitu kidogo sana. Bukavu iko juu na baridi yake inajulikana; Kamanyola iko mwanzo wa bonde, na mchana wake unachoma. Mhandisi anayeandika joto la Bukavu katika hesabu ya ukuta wa Kamanyola atapata jibu safi lakini si la kweli. Aina ya simenti pia inahesabika. Ile iliyochanganywa na mawe ya volkano yaliyosagwa inatoa joto kidogo zaidi, na kwa hilo eneo letu si maskini: kiwanda cha Cimerwa kiko hapo hapo Bugarama.

Bwawa la Ruzizi III litatumia maji ya mto yanavyopita, bila kuweka ziwa kubwa, kwa hiyo si jambo la kutisha watu wa Luvungi na Sange bure. Lakini wao ndio wanaoishi chini ya ukuta, si wataalamu wa Washington. Kwa mabwawa makubwa, Benki ya Dunia, ambayo ni mmoja wa wafadhili, inadai kundi la wataalamu wa kujitegemea wapitie michoro na hesabu. Ripoti zao zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili katika mikutano ya machefu na mashirika ya raia: joto gani limewekwa katika hesabu, betoni itamwagwa saa ngapi, nani atapima joto ndani ya ukuta kila siku, na ufa wa kwanza ukionekana nani ataambiwa. Pia kuna vijana waliomaliza masomo ya ujenzi Bukavu na Goma. Kuwaweka wachache mbele ya zile kompyuta tangu mwanzo kutagharimu kidogo kuliko kuwatafuta siku ukuta umeshaanza kuvuja.