Ukaazi wa Kanada wapima ujuzi na mfuko

MUUGUZI wa Idsowe, Garsen, anayetamani ukaazi wa kudumu nchini Kanada hushindana kwa alama na waombaji wa dunia nzima. Mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015, hupima umri, elimu, tajriba na lugha. Alama za umri huanza kupungua mtu atimizapo miaka 30.

Ingawa alisomeshwa kwa Kiingereza, sharti atahiniwe lugha hiyo au Kifaransa, na matokeo hudumu miaka miwili tu. Asiye na ajira huko huonyesha akiba ipitayo dola 15,000 za Kanada.

Hivyo basi, mfumo unaopima ujuzi hupima pia mfuko. Naye akifaulu, zahanati za Mto Tana ndizo zitakazompoteza.