MKUTANO UKO WAPI?



Mwaka jana, usiku wa zamu, tulikuwa tumekaa wawili tukingoja treni ya mizigo iliyochelewa. Mwenzangu akaniuliza, "Ndugu, nasikia kuna watu wakutanao kusaidiana kuacha pombe. Mkutano wao uko wapi?" Mimi nikacheka, nikamjibu, "Wewe acha tu pombe, mkutano wa nini?" Hakuniuliza tena. Miezi minne baadaye alikutwa kazini amelewa, akafukuzwa. Ana watoto watatu.

Swali lake nimelitafutia jibu, ingawa nimechelewa.

Sote twamjua fundi hodari anayeapa kila mwisho wa mwezi kwamba ameacha, na mshahara ukitoka anarudi kule kule. Anapoapa hasemi uongo. Ni kwamba peke yake hawezi. Kwa ajili ya watu kama huyu kuna vikundi vya Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajana majina, na wengi huviita AA. Vilianza Marekani katika mji wa Akron, mwaka 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi mitano hivi. Biashara iliyompeleka Akron ikaharibika, akabaki hotelini peke yake, na baa iko karibu. Akaona sasa atakunywa. Akashika simu, akampigia mhubiri, akapewa majina ya watu, akapiga moja baada ya jingine mpaka akafikishwa kwa mlevi mwenziwe, Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wakazungumza saa nyingi. Basi mwanzilishi mwenyewe alikuwa mtu wa kuuliza njia kama yule mwenzetu, ila yeye alijibiwa.

Hapa Kenya, piga namba 1192. Ni simu ya NACADA, haina malipo. Sema mahali ulipo, uliza kikundi kilicho karibu. Ukipata kikundi, uliza mambo haya kabla ya kwenda. Je, mkutano ni wa wazi, ambao mtu yeyote aweza kuhudhuria, au ni wa wale tu wanaotaka kuacha pombe? Wanasema lugha gani? Tena uliza ni mlango upi. Msicheke. Nilipokwenda kutazama mkutano wa wazi mwezi uliopita, askari wa getini aliniuliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu, "Unakwenda mkutano gani?" Mimi siye mgonjwa wa pombe, lakini nilitaka kurudi nyumbani. Sasa yeye aliye mgonjwa je?

Ndani hakuna ada. Hupitishwa kikapu, na asiye na kitu hatii. Hulazimishwi kusema neno. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, kutaka kuacha kunywa. Ndugu zetu Waislamu wengine wanaogopa kwa kuwa mikutano mingi hufanywa katika majumba ya kanisa. Ni kweli humtaja Mungu, lakini kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu, wala AA si ya dini yoyote.

Shida yetu watu wa relwe ni zamu. Mkutano wa saa kumi na mbili jioni haumfai aliyeingia kazini saa kumi, na aliyepelekwa stesheni ndogo huenda asipate kikundi kabisa. Lakini tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, vikundi vingi hukutana pia kwa simu. Uliza hilo nalo.

Jambo moja la hatari. Mtu anayekunywa sana kila siku, na asubuhi mikono yatetemeka mpaka apate pombe, asikate ghafla peke yake. Aweza kushikwa na kifafa, akaweweseka, hata akafa. Aende kwanza kwa daktari, kisha mkutano.

Hatusemi mlevi aachwe karibu na treni. La, huyo atatuua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yaruhusu mtu kufukuzwa papo hapo akilewa hata asiweze kazi yake. Lakini kifungu cha 41 chasema lazima kwanza asikilizwe, na ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenziwe au mjumbe wa chama. Mwenzetu hakumwita mtu kwa aibu. Aliingia peke yake, akatoka na barua.

Na sisi wa halmashauri tujitazame. Mchango wa kila mwezi twakutania wapi? Baa. Anayejaribu kuacha atakujaje? Nimeomba mchango uletwe ofisini kuanzia mwezi ujao. Wawili wamekwisha nung'unika.

Anayetaka kusindikizwa mkutanoni aje ofisi ya chama Alhamisi yoyote baada ya zamu ya mchana, aseme tu, "Nataka kujua mlango." Jina lake halitaandikwa. Wake zetu pia waweza kuja, maana kuna vikundi vya jamaa za walevi, viitwavyo Al-Anon, tangu mwaka 1951.

Yule mwenzetu nilimpigia simu wiki iliyopita. Hakushika. Nitapiga tena Jumapili.